Nguo Nilizoziona Kwenye Theluji

Jumamosi, jioni. Euless, Texas. Mawingu mazito tangu asubuhi, upepo unapigapiga vifuniko vya mapipa ya taka huko nje, mvua inatishia tu bila kunyesha. Na mimi niko hivyohivyo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Si Mama, si Baba anayefanya kazi Houston na kupiga simu kila Ijumaa, wala Mungu kwa sauti ya kusikika. Leo naliandika.

Uso wa mama yangu siuoni.

Si kwamba nimeusahau. Nikifumba macho naupata wote, na mwanya wake, na kile kikovu kilichokata nyusi. Nikifumbua ndipo unapotea. Katikati ya kila ninachokitazama pana doa, kama mtu amehemea kwenye kioo na mvuke wake ukakataa kukauka. Pembeni naona. Naona pazia, naona mlango, naona kandambili sakafuni. Lakini nikikielekezea kitu macho, kile chenyewe ninachokitaka kinamezwa. Herufi zinamezwa. Nyuso zinamezwa. Nikitaka kumwona Mama lazima nitazame sikio lake, au bega, au chini miguuni, ndipo nimpate kidogo kwa pembe ya jicho.

Ilianza taratibu mwaka jana. Nimeshajaribu miwani ya watu kwa siri, haikusaidia kitu. Nimesikiliza mtandaoni, simu ikinisomea sikioni, habari za macho ya watu wa umri wangu yanayoliwa kuanzia katikati. Ugonjwa huo una jina na nalijua. Sitaliandika, lisije likapata mahali pa kukaa.

Nina miaka kumi na tano. Jumatatu Mama ameomba ruhusa kazini ili tukachukue kibali changu cha kujifunza kuendesha gari. Pale ofisini wanakuambia uchungulie kwenye mashine usome herufi. Nitachungulia, Mama atakuwa nyuma yangu na mkoba wake na makaratasi yetu, na atajua hapo hapo, mbele ya foleni ya watu wasiotuhusu.

Mama ni muuguzi, zamu za usiku. Asubuhi akirudi anafungua vioo vya gari hata kwenye baridi, apigwe na upepo asisinzie barabarani. Hapa bila gari huendi popote, na yeye amechoka. Amenunua mpaka kile kibao kidogo cha kuninginiza funguo. Ananiita "dereva wangu". Anaingia mlangoni na nguo zake za kazi na kusema, "Dereva wangu ameamka?" Nami natabasamu kuelekea bega lake.

Mtu anaweza kuuliza: muuguzi gani huyo asiyeona tatizo la mwanawe mwenyewe?

Asilaumiwe. Adabu ndiyo iliyomziba.

Kwetu mtoto hamkodolei macho mkubwa. Unaamkia, unainamisha uso, unajibu huku ukitazama chini. Watoto wengi waliokulia huku hawana habari na mambo hayo, wanapita wamevaa kofia zao wanapunga mkono. Mimi tangu mwaka jana nimegeuka kuwa mfano wa kuigwa. Kwenye shughuli za Watanzania, iwe harusi iwe hitima, kina mama wananishika kidevu. "Jamani, shikamoo yake ya Tanga kabisa! Mtoto wa Marekani lakini macho chini!" Mama anavimba. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mtu kwenye simu, "Wangu mimi dunia haijamharibu." Kadiri macho yangu yanavyozidi kufa, ndivyo sifa zangu zinavyozidi kupanda.

Shuleni mambo ni kinyume. Mwalimu mmoja alimwandikia Mama kwamba simtazami mtu anaponisemesha, labda kuna jambo ninalolificha, labda nichunguzwe. Mama aliisoma ile barua pepe kwa sauti jikoni, akacheka, akajibu kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba kwa watu wetu hiyo ni heshima, na anaomba waiheshimu. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Yule mwalimu alikuwa amekaribia ukweli kuliko mtu yeyote, na Mama akamfukuza kwa ajili ya kunitetea.

Nilimshukuru. Hebu fikiria. Nilisema, "Ahsante, Mama."

Sasa leo.

Kila Jumamosi tuna darasa la Kiswahili, sisi watoto wa Watanzania na Wakenya wa huku, ili tusije tukawa tunajibu wazazi wetu kwa Kiingereza maisha yetu yote. Anatufundisha Anti Rehema, rafiki wa Mama. Safari hii akasema tutoke nje ya vitabu. Kuna jumba dogo la sanaa Dallas, watu hata hawalijui, lina picha za wale wachoraji wa Kifaransa wa zamani, Waimpreshonisti, waliokuwa wanapaka rangi madoamadoa. Kila mmoja achague picha moja kwenye tovuti yao, aandae maelezo, akasimame mbele yake aieleze kwa Kiswahili fasaha.

Nilifurahi. Naandika neno hilo na naona aibu.

Nilichagua picha ya ua wa nyumba siku ya kufua. Niliikuza kwenye tableti mpaka pua yangu ikawa karibu kugusa kioo. Nikapita kipande kwa kipande, nikiitazama kwa upande kama kuku. Mashuka meupe kwenye kamba. Kivuli cha buluu chini yake. Mwanamke amekunja mikono ya gauni, kikapu miguuni. Na kadiri nilivyosogea ndivyo picha ilivyovunjika ikawa madoa tu, rangi juu ya rangi, bila mstari, bila uso. Yule mwanamke hana uso kabisa! Ana doa moja la rangi ya waridi, basi. Nikasema moyoni: hapa hakuna anayeona kunizidi. Hapa doa ni la watu wote.

Wiki nzima nilitembea na picha ile. Niliikariri kama ninavyokariri sura za Kurani. Nilijua upepo unatoka wapi na shuka lipi limejaa. Nilijiambia kwamba ndani ya jumba lile, kwa saa moja, nitakuwa mtu wa kawaida.

Jumba lenyewe ni kama nyumba ya tajiri asiye na watoto. Vyumba vidogo, zulia linalomeza nyayo, kiyoyozi kinapumua polepole. Mzee na mkewe walikuwa wakinong'onezana mbele ya picha kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Palikuwa kimya mpaka nikasikia raba za Brayo zikilia kila alipokanyaga pasipo na zulia. Brayo ni Mkenya, mama yake anafanya kazi wodi moja na Mama, na mdomo wake haujui likizo.

Mwenyeji wetu mle jumbani alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alituweka karibu sana na picha moja kubwa, akatuuliza tunaona nini. Wote tukasema madoa. Mimi pia nilisema madoa, kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kujibu swali la namna hiyo bila kudanganya.

"Sasa," akasema, "rudini nyuma. Polepole."

Wakarudi. Halafu nikausikia mguno, "Aaah," mmoja baada ya mwingine.

"Wee! Kumbe ni daraja!" Brayo akasema.

"Na watu! Ona yule ana mwavuli!"

Kila waliporudi nyuma, ulimwengu ulikuwa unawajia. Nami nikarudi. Nikarudi tena. Nikatazama juu ya picha, nikatazama kando yake, nikarudi mpaka mgongo ukagonga ukuta. Nilipata kijivu, kijani, kitu kinachong'aa ambacho huenda kilikuwa maji. Daraja sikuliona.

Kwangu hapakuwa na nyuma ya kutosha.

Yule mama akaeleza kwamba wachoraji hawa hawakuchora vitu vilivyo, walichora namna jicho linavyovipokea, nuru ikiwa imetangulia na umbo likifuata. Wenzangu wakatikisa vichwa. Nilitamani kupiga kelele katika ule ukimya wao wa zulia. Hawa walichagua! Jioni walisuuza brashi zao, wakaenda mezani, wakawaona watoto wao wakitafuna. Mchoraji akiweka doa, nyuma yake ameficha daraja, na anajua lilipo. Mimi nyuma ya doa langu hakuna alichoficha mtu.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeshajifunza kwenye ramani ya tovuti: chumba kinachofuata, ukuta wa kushoto, ya kwanza baada ya mlango. Niliingia na kuipata kwa pembe ya jicho. Nyeupe nyingi, na kivuli cha buluu chini yake. Ndiyo yenyewe. Nikasimama mbele yake, nikainamisha uso, nikaanza.

Mimi huwa sisemi. Wanaonijua wanajua hivyo. Leo nilisema. Nilieleza mashuka yalivyojaa upepo kama mashavu ya mtoto anayepuliza uji. Nilimweleza mwanamke aliyekunja mikono ya gauni, nikasema nadhani anaharakisha kuanua kabla ya mvua, kwa sababu bega moja limetangulia. Nilieleza kamba ilivyolegea katikati kwa uzito wa maji. Kiswahili kilikuwa kinatoka kizima, hata mimi nilijishangaa. Kulikuwa kimya sana. Nilidhani wamevutiwa.

Nikanyoosha kidole bila kugusa. "Na hapa chini kuna kikapu chake."

"Zuu," Brayo akasema, "hizo nguo ameanika kwa friza ama?"

Wakaangua kicheko. "Anaanua barafu!" mwingine akadakia. "Mvua gani sasa, mama, na kote ni theluji!"

Yule mwenyeji alisogea karibu yangu, sauti yake laini kama pamba. Akasema samahani sana, picha ile imeazimwa na jumba jingine tangu juzi, tovuti bado haijabadilishwa. Hii imewekwa mahali pake. Hii ni njia ya mashambani wakati wa theluji. Hakuna nguo. Hakuna mwanamke. Kuna mkokoteni na farasi.

Kidole changu kilikuwa juu ya farasi.

Nitaandika kitu kibaya sasa. Katika ile hofu, na masikio yangu yakiwaka moto, kulikuwa na upande mmoja wa moyo uliovuta pumzi. Nilifikiri, basi, imekwisha. Nani atashindwa kuelewa hili? Msichana amemwita farasi kikapu mbele ya watu. Sasa mtu mzima atanishika mkono, ataniuliza, na sitalazimika kusema mimi wa kwanza.

Anti Rehema akapiga makofi mara moja, pa! Ukimya ukarudi.

"Mnacheka nini? Mnacheka haya ya mwenzenu?" Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Mmemwona tangu aanze? Hajanyanyua uso hata kidogo! Mtoto ana haya huyu, hata picha haikodolei macho. Ninyi mnawatumbulia wakubwa macho kama bundi, halafu mnamcheka yeye? Brayo, wewe hasa, nyamaza kabisa." Akanizungushia mkono. "Mwanangu, siku nyingine nyanyua uso kidogo tu, eh? Lakini usibadilike. Nakuomba, usibadilike."

Nikasema, "Sawa, Anti."

Sina neno la kuelezea nilichohisi. Ni kama kuzama huku watu ufukweni wanakupigia vigelegele kwa jinsi unavyopiga mbizi.

Baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi mbele ya picha nisiyoijua. Brayo akaja akasimama kando. "Pole, Zuu. Nilikuwa nakuchezea tu." Akashusha sauti, jambo lisilo la kawaida yake. "But uliangalia. Mimi nilikuona. Kabla uanze, uliiangalia ile picha."

"Sikuiangalia."

"Uliiangalia, Zuhura."

Nikanyanyuka nikaenda msalani, nikakaa humo mpaka Anti akaja kunigongea kwamba gari linaondoka.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa ameshaamka, akashuka mpaka maegesho na khanga zake mbili kumlaki mwenzake. Anti Rehema hakungoja hata azime gari. Akasimulia yote: theluji, mashuka, kicheko cha wale wahuni, na haya yangu. "Umelea, shoga. Hata picha anaionea haya!"

Mama alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Kisha akanivuta kifuani, akanibusu utosini. "Alhamdulillah," akasema. "Dereva wangu mimi. Atawasalimia mpaka taa za barabarani."

Nilinyanyua uso. Mara moja tu, nilimtazama palepale. Kulikuwa na khanga, kulikuwa na hereni, na katikati kicheko kikitoka pasipo na mtu.

Mama akapanda kulala tena kidogo kabla ya zamu. Nami nimekaa humu chumbani tangu hapo.

Najiuliza ni nini hasa ninachokiogopa. Giza? Wanasema si giza. Wanasema pembeni huwa panabaki. Kwa hiyo nitaishi pembeni: ukingo wa meza, ukingo wa barabara, ukingo wa watu. Nitaitambua sauti ya mume wangu, kama kuna atakayenioa. Nikizaa, nitamjua mtoto wangu kwa masikio yake.

Lakini kinachonikaba zaidi ni Mama. Nikisema, namnyang'anya vitu vingi kwa mpigo. Namnyang'anya dereva. Namnyang'anya yule mtoto ambaye dunia haijamharibu. Halafu atakaa na kurudia kila shikamoo ya mwaka mzima kichwani, moja moja, na kila moja itageuka kuwa dalili aliyoiona akaicheka. Yeye ambaye anakesha kuwamulika wagonjwa machoni kwa kurunzi yake ndogo. Atajisamehe vipi? Mimi nitakuwa sioni, na yeye atakuwa anaona kupita kiasi.

Nimefikiria pia njia nyingine, na hii naiandika ili nijichukie vizuri. Brayo ana dada aliyepita kwenye mashine ile mwezi uliopita. Ningeweza kumuuliza herufi zilizomo. Masikio yangu ni mazuri na kichwa changu kinakariri. Labda Jumatatu ningepita.

Kisha ningeshika usukani. Mama pembeni yangu amelala baada ya zamu, mdomo wazi, ananiamini. Na mbele yangu lile doa. Nimepima leo hapa dirishani, nikitazama watoto wa jirani wanaocheza kule maegesho. Mtoto anaenea ndani ya doa langu. Mtoto na baiskeli yake.

Basi. Njia hiyo haipo.

Nimemwomba Mungu kwa Kiarabu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sijui nilitegemea nini. Mvua nayo imekataa kunyesha.

Mama ameamka. Nasikia bafu, nasikia kabati la jikoni, sasa kandambili zinaburura kwenye korido. Huwa nikizisikia tu, mkono unafunga kompyuta wenyewe kabla sijafikiri. Tangu mwaka jana hakuna aliyeona skrini hii, kwa sababu mtu hahitaji hata kusoma kilichoandikwa ili ajue. Herufi zangu zina ukubwa wa vidole. Maneno machache yanajaza skrini nzima. Kutoka mlangoni anaweza kusoma bila miwani yake.

"Zuhura? Dereva wangu, umeswali?"

Mkono uko juu ya kifuniko. Nimeutoa.

Nimeigeuza skrini iuelekee mlango.

Amesimama. Kitasa kinageuka. Naandika la mwisho, liwe la kwanza atakaloliona:

Mama, haikuwa adabu.